Saundi ya filamu fupi za enzi zile: maswali mnayoniuliza kila wiki

Mi nashika bumu (ile maiki ya kwenye fimbo ndefu) na rekoda kwenye filamu za wanafunzi hapa Dar. Sio mtaalamu wa kuvimba kichwa, ila nimeshaharibu vya kutosha kujua ni wapi panapoharibika. Msimu wa filamu za kumalizia chuo ukifika inboksi inajaa, tena mtu anauliza saa sita usiku na shuti ni kesho alfajiri, sasa nimeona niyaweke yote hapa. Mengi yanatoka kwa wanaofanya stori za zamani, Uhuru wa 1961, foleni za duka la ushirika miaka ya sabini, mambo hayo.

Filamu yetu ni ya 1961 na tunashuti Kariakoo. Saundi itakuwaje?

Mbaya.

Ngoja nieleze. Kamera inachagua. Bango la mtandao wa simu likiingia kwenye picha unageuza kamera kidogo linatoka, bajaji ikipita unasubiri, mambo yanaenda. Maiki haina fremu. Kilichopo mgongoni kwako, juu ya paa, mtaa wa tatu, vyote vinaingia. Siku moja nilikaa kwenye baraza moja Ilala dakika ishirini na karatasi nikaandika kila nilichosikia: bodaboda, bodaboda, bajaji, konda anaita Posta Posta, jenereta la saluni, TV ya jirani, muuza aiskrimu na kile kimuziki chake kisichoisha, simu ya mtu, bodaboda tena, alafu yule jamaa wa spika ya begani, sauti imerekodiwa inajirudia, sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto, sumu ya panya, mende... Sasa weka hapo mzee wako wa TANU anaongea kwa hisia kuhusu mkoloni. Mtazamaji anacheka.

Na usidhani ni bodaboda tu. Daladala zimeruhusiwa rasmi 1983, kwa hiyo hata stori ya 1975 konda wa Posta Posta hana kazi humo, enzi hizo ni mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar. TV huku bara imekuja miaka ya tisini. Adhana na mahubiri kwenye spika kubwa kama za leo nako jiulize mara mbili. Vinavyobaki ni vichache ila vizuri: muuza kahawa anayegonganisha vikombe, kengele ya baiskeli, watoto, jogoo, mchi kwenye kinu, kunguru. Kunguru wa mjini wanatukera wote ila kwa stori ya 1961 wanakubalika, wameletwa pwani hii enzi za ukoloni.

Kwa hiyo tushuti wapi?

Bagamoyo Mji Mkongwe kama nauli ipo, ni kama kilomita 70, majengo yanakusaidia na mitaa ya nyuma inatulia. Kigamboni ya ndani ndani, sio karibu na feri. Kisarawe. Ukibaki mjini chagua ndani ya nyumba, chumba cha uani kisichotazama barabara, na uanze saa kumi na mbili asubuhi. Kipawa, Kiwalani, Vingunguti kwa ajili ya ndege mi siendi tena, sinene mengi.

Ila usiniamini mimi. Nenda mwenyewe bila kamera, siku ileile ya wiki na saa ileile mtakayoshuti, kaa, fumba macho dakika kumi. Watu wanaenda kukagua lokesheni Jumapili jioni pametulia wanafurahi, alafu shuti ni Jumanne saa nne na jirani ni fundi welding.

Kuhusu adhana mnafanyaje?

Mnasimama. Hamna mjadala, kwanza ni heshima, pili haikatiki kwenye editi. Adhuhuri Dar ni kwenye saa sita na nusu hivi, alasiri inakaribia saa kumi kasoro robo, magharibi saa kumi na mbili na nusu ikisogea mbele au nyuma kulingana na mwezi. Andikeni kwenye ratiba ya shuti kabisa kama mnavyoandika muda wa kula. Hapo hapo watu wanywe maji, walioenda kuswali warudi, mnaendelea. Ijumaa mchana usipange sini ya maongezi karibu na msikiti. Na Jumapili asubuhi vilevile kwa makanisa yenye spika.

Tununue vifaa gani? Bajeti ni ndogo.

Msinunue, kodini. Rekoda ya mkononi kama Zoom H5 au Tascam DR-40, maiki moja ya shotigani (ile ndefu inayosikiliza zaidi mbele yake), manyoya ya kuivisha maiki kuzuia upepo, hedifoni za kuziba masikio, waya mbili za XLR za kuunganisha maiki na rekoda (moja itakufa siku ya shuti, nakuahidi), betri nyingi. Basi. Fimbo ya bumu kama hamna, ule mti mrefu wa fagio la kutolea utando buibui unafanya kazi, funga maiki kwa mpira wa rababendi nyingi ili isishike mtikisiko wa mikono. Nimefanya hivo filamu mbili na hakuna aliyejua.

Kitu kimoja: shotigani ndani ya chumba kidogo chenye kuta za saruji inaleta sauti ya pipa. Ndani, kama kuna maiki fupi ya haipakadioidi ya kukodi, nayo inasikiliza zaidi mbele, chukua hiyo.

Nimeunganisha maiki na haisikiki kabisa!!

Washa fantomu, ule umeme wa volti 48 ambao rekoda inaupeleka kwenye maiki, iko kwenye menyu. Tisa kati ya kumi ni hiyo.

Leveli niweke ngapi?

Rekodi WAV, kilohezi 48, biti 24. Sio MP3, tafadhali. Mtu akiongea kawaida sindano ichezee kwenye desibeli hasi 18, akipaza ifike hasi 12 hivi. Isiguse sifuri hata kwa bahati mbaya, sauti iliyopasuka hairudi, wakati iliyo chini kidogo unaipandisha. Sini za kupiga kelele, na filamu za Uhuru lazima kuna mtu wa kupiga kelele, washa rekodi ya akiba, H5 inayo, inarekodi nakala ya pili desibeli 12 chini. Kama umekodi rekoda ya biti 32 floti, ile isiyopasua sauti kirahisi, umepona hayo, ila maiki yenyewe bado inaweza kuzidiwa, na ukiwa mbali na mtu hakuna floti itakayokusogeza karibu.

Maana hicho ndio kitu kikubwa kuliko vifaa vyote: umbali. Nusu mita juu ya kichwa, maiki inatazama kidevu. Ukiongeza umbali mara mbili unapoteza kama desibeli 6 za sauti ya mtu, lakini jenereta la jirani halipungui. Mwambie mshika kamera akuoneshe mwisho wa fremu, shusha maiki mpaka aone, alafu pandisha kiganja kimoja. Hapo ndio kwako siku nzima.

Lavu, vile vimaiki vidogo vya kubana kwenye nguo, je? Tumeambiwa tuwavalishe tu lavu mambo yaishe.

Lavu ni nzuri sana kwa filamu ambayo watu wamevaa fulana. Nyie mnavalisha kanzu, kanga, buibui, koti la suti la mtumba. Kanga mpya ndio adui namba moja, imetoka dukani na wanga wake, dada akigeuza shingo tu unasikia kama mtu anakunja gazeti. Ifue mara mbili tatu kabla ya shuti, na isipigwe wanga wowote, mwambie mtu wa mavazi mapema kwa sababu yeye anataka ikae imenyooka. Kanzu nayo ivyoivyo.

Pa kuficha: kwenye kanzu mi naweka ndani ya ile sehemu ya kifungo kifuani, nabandika kwa plasta ya hospitali pande mbili ili nguo isisuguane na maiki. Kwa mwanamke aliyejifunga ushungi, pembeni juu ya sikio ndani ya ushungi panatoa sauti safi kuliko kifuani, ila dada mwingine ndio amvalishe, na waulize kwanza, sio unafika na mikono yako. Hamna lavu zisizo na waya? Simu ya zamani, weka hali ya ndegeni, programu ya kurekodi WAV, lavu ya kuchomeka, simu inaingia mfukoni chini ya kanzu. Mnagonga klapa, kile kibao cha mwanzo wa shoti, mnapanga sauti na picha kwenye editi. Inafanya kazi kabisa.

Bado bumu ndio sauti kuu, lavu ni akiba. Sauti ya bumu ina hewa, inakaa kwenye picha ya zamani vizuri zaidi.

Chumba kina mwangwi mbaya.

Magodoro. Sio vitenge, kitenge ni chepesi hakizuii kitu. Chukueni magodoro ya hosteli, yasimamisheni nyuma ya kamera na pembeni, blanketi chini kama sakafu haionekani. Mnaonekana kama mnahama ila sauti inakaa.

Friji na pangaboi tuzime?

Zima. Pangaboi likionekana kwenye picha liache limesimama, 1961 nalo lilikuwa linazimwa. Joto la Januari mtavumilia, fungueni madirisha kati ya shoti na shoti.

Friji sasa. Tulishuti Magomeni kwa bibi mmoja, shikamoo nyingi, bibi mkarimu, chai na mihogo, chumba chake kimebaki kama cha 1960 hivi, kabati la vioo, kitanda cha samadari, kila kitu. Nikazima friji saa mbili asubuhi. Tukamaliza saa moja usiku tumechoka tunacheka tunabeba mataa tukaondoka. Asubuhi simu. Kumbe ndani mlikuwa na samaki wa biashara yake, wa kukaanga, wa siku tatu. Tukarudi wote wanne vichwa chini, bibi amekaa pale barazani hata hajakasirika, ndio mbaya zaidi, anasema, "Wajukuu zangu, mlikuja kupiga picha au mlikuja kunifilisi?" Tulilipa samaki kwa hela ya usafiri wa siku ya pili, siku ya pili tukapanda daladala na mataa mapajani.

Toka siku hiyo nikizima friji ya mtu naweka funguo zangu za nyumbani ndani ya hiyo friji. Siwezi kuondoka bila kuifungua. Fanyeni hivo.

Tunashuti ufukweni, upepo unaingia.

Juni mpaka Agosti kusi inapiga, manyoya ni lazima, na bado utasikia mngurumo, kata chini ya hezi 80 kwenye rekoda. Geuza mgongo wako uwe ukuta. Mawimbi yenyewe rekodi peke yake dakika tatu bila mtu kuongea, kwenye editi unaweka hayo moja mfululizo chini ya sini nzima, maana wimbi la shoti ya kwanza halitalingana na la shoti ya pili hata ufanyeje. Masika nako, nyumba ya bati ni kusubiri tu. Mvua kwenye bati haiombwi.

Sauti ya chumba ni nini na kwa nini unatugombeza nayo?

Ni ule ukimya wa pale mahali. Kila chumba kina ukimya wake. Kabla watu hawajatawanyika, wote wasimame walipo, mataa yakiwa yamewaka kama kwenye shuti, sekunde sitini, hakuna kukohoa. Ukikata neno la mtu kwenye editi bila hicho kipande panabaki shimo, mtazamaji hajui ni nini ila anashtuka. Na kwa filamu ya zamani ndio mkombozi wako zaidi, kwa sababu utakata honi nyingi mno kati ya maneno na kila ukipokata unahitaji kitu cha kujazia. Watu wanaona ni kupoteza muda, wanaanza kukunja waya. Direkta ndio anyamazishe watu, sio wewe.

Si tutarekodi na mazingira ya mtaa hapohapo ili isikike halisi?

Hapana, na hapa ndio wengi wanazingua. Siku ya shuti kazi yako ni maneno ya waigizaji, makavu, masafi, basi. Mwaka 1961 hauupati kwa kurekodi Dar ya leo, unaujenga baadaye, kipande kwa kipande. Nenda siku nyingine na rekoda tu.

Vya kutafuta: cherehani ya kanyagio, fundi yupo kila mtaa mlipe soda akushonee dakika tano. Mbuzi ya kukunia nazi. Pasi ya mkaa, ule mlio wa kifuniko. Stovu ya pampu ya mafuta ya taa, kama bibi yako bado anayo una bahati. Baiskeli Phoenix inavyolia mnyororo ikisukumwa bila kupandwa. Muuza kahawa, huyu mchukue jioni au alfajiri, ila msogeze mbali na barabara, mweleze, mnunulie vikombe kumi vya watu waliopo, agonge vikombe vyake kama anavyogonga kila siku na wewe maiki iko kiunoni kwake. Nilipata dakika mbili hizo mtaa wa nyuma Gerezani saa kumi na moja alfajiri na nimezitumia kwenye filamu tatu za watu tofauti, sioni aibu.

Gari la zamani ukipata mwenye Land Rover au Peugeot 404 linalowaka, rekodi kuwasha, kuondoka, kupita, kusimama, mlango kufunga. Mlango ndio muhimu, mlango wa gari la siku hizi unafunga kama friji, ule wa zamani ni bati kabisa.

Na hatua za miguu. Waigizaji wanavaa viatu vya ngozi vya soli ngumu kwa picha, siku ya shuti bandika kipande cha kapeti chini ya soli wasikanyage maneno ya wenzao, alafu hatua unazirekodi baadaye wewe mwenyewe chumbani ukiangalia picha.

Kuna redio inasikika ndani ya stori. Tunaitengenezaje?

Kwanza msiichezee kwenye seti wakati watu wanaongea, hamtaweza kukata. Iigize, watu wajifanye wanasikia.

Ya kwenye editi: mrekodi mtangazaji vizuri, kata chini ya hezi 300 na juu ya 4,000 hivi, itabana kama redio ndogo. Ila njia tamu zaidi ni kuicheza kwenye kispika kidogo ndani ya boksi la mbao, kwenye chumba kilekile mlichoshuti, na kuirekodi upya kwa maiki mita mbili mbele. Inakaa chumbani yenyewe.

Alafu sikilizeni maneno. Kuna filamu nilivaa hedifoni, mtangazaji wa usiku wa Uhuru anasema kwa madaha "hii ni Redio Tanzania" na "Tanzania imepata uhuru". Wote kwenye seti wanapiga makofi. Jamani. Desemba 9, 1961 ni Tanganyika. Muungano ni Aprili 26, 1964, jina Tanzania limekuja Oktoba mwaka huohuo. Redio yenyewe ilikuwa TBC, ndio, TBC, ila ile T ya Tanganyika, Redio Tanzania ikaja 1965. Mwenye hedifoni ndio mtu pekee anayesikia kila neno pale, kwa hiyo ukisikia kijana wa 1961 anasema "poa bro" usikae kimya eti sio kitengo chako.

Muziki wa dansi wa zamani tukitoa mtandaoni tu kuna shida?

Ipo. Kuwa wa zamani sio kuwa bure, hakimiliki yetu inakaa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki na wengi wao familia zipo. Ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Au fanyeni kama watu wa akili, tafuta wanafunzi wapiga gitaa wa TaSUBa, kile chuo cha sanaa pale Bagamoyo, wawapigie kitu chao wenyewe cha mtindo ule, maiki moja katikati ya chumba, wote kwa pamoja. Maiki moja ndio inaleta ladha, sio programu ya kuweka mikwaruzo.

Mikwaruzo ya santuri tuweke filamu nzima ili ionekane ya zamani?

Hapana. Watu wa 1961 hawakuwa wanaishi ndani ya santuri.

Tulisahau klapa. Midomo hailingani.

Tafuta kitu kilichogonga, kikombe kwenye sahani, mlango. Au herufi p na b, midomo inafunga unaona kabisa. Kama mnalinganisha kwa sauti ya kamera kumbuka kamera ikiwa mbali mita 14 sauti inaifikia fremu moja nyuma, kama mnashuti fremu 25 kwa sekunde. Shoti ndefu sana rekoda na kamera vinaachana pole pole, kata katikati usogeze. Kesho yake pigeni hata makofi.

Direkta anasema tutarekebisha kwenye editi.

Mwambie avae hedifoni asikilize mwenyewe, sekunde kumi. Usibishane. Programu za kusafisha kelele siku hizi ni nzuri kweli, zinatoa feni, zinatoa mngurumo, ila bodaboda ikipita juu ya neno lenyewe inachukua na neno, sauti ya mtu inabaki kama anaongea ndani ya chupa. Kudabu upya inawezekana, lakini mwigizaji wenu ni mwanafunzi, mwezi ujao yuko fildi Mbeya.

Kama gari limepita, kabla hajasimama mtu, mwombe mwigizaji aseme ile mistari tena bila kamera, palepale, kwa hisia ileile. Dakika moja tu. Hiyo imeniokoa zaidi ya programu zote.

Kibali tunahitaji na sisi ni wanafunzi?

Bodi ya Filamu, ndio, anzeni mapema na barua ya chuo. Na serikali ya mtaa mpitie, mwenyekiti akiwajua ndio anayeweza kumwambia fundi welding apumzike nusu saa. Fundi mwenyewe mpeni kitu, ana hesabu ya siku.

Unaweza kuja kutushikia bumu?

Jumamosi naweza. Nauli mnalipa, chakula kisizidi saa nane, na mniambie mapema kama pale mahali pana friji.